Kutoka Lindoni Hadi Ufundi: Niliyojifunza Katika Mafunzo ya Mifumo ya Ulinzi

Nilianza kazi ya ulinzi getini, katika ghala moja kando ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na sare mbili za kubadilisha. Mshahara ulitosha kodi ya chumba, nauli na chakula, na mtoto akiugua nilikopa. Mwenye ghala alipofunga kamera, kampuni yetu ilipunguza walinzi wa zamu ya usiku, nami nikabakizwa kwa sababu moja tu: nilikuwa nimejifunza, kwa kumtazama fundi, namna ya kurudisha nyuma picha kwenye kinasa. Nilielewa wakati ule kwamba sehemu kubwa ya kazi ya ulinzi inahamia kwenye nyaya, na kwamba nisipohama nayo nitaachwa.

Naandika kwa ajili ya kijana anayetaka kuingia katika fani hii, kwa kuwa njia niliyoipita ilinigharimu fedha na muda ambao mwingine hana haja ya kuupoteza. Nina jambo moja kubwa la kusema, na mengine yote yatalizunguka. Mafunzo mengi niliyoyaona yanaikata fani hii vipande viwili: fundi anafundishwa kufunga vifaa bila kukaa hata usiku mmoja mbele ya skrini, na mwangalizi anafundishwa kukaa mbele ya skrini bila kujua kilicho nyuma ya ukuta. Anayeumia ni mteja, ambaye amelipa fedha nyingi akaamini kwamba amelindwa.

Chuo changu cha kwanza nilikipata kwa tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme karibu na kituo cha daladala. Liliahidi kamera, fensi ya umeme, alamu na mageti yanayojifungua, yote kwa miezi mitatu, pamoja na cheti na kuunganishwa na ajira. Ada ilikuwa shilingi 650,000. Nililipa kwa akiba yangu na zamu yangu ya upatu wa kina mama wa mtaani kwetu, ambayo nilikuwa nimeipangia kitu kingine. Darasani tulikuta televisheni moja, DVR moja, yaani kinasa cha picha za kamera, na kamera nne zilizokwisha kufungwa ukutani na wanafunzi waliotutangulia. Tulichomeka, tukachomoa, tukachomeka tena. Hakuna aliyetoboa ukuta wala kupanda ngazi, na mita ya kupimia umeme ilikuwa moja tu, ndani ya droo ya mwalimu. Fensi ya umeme tuliichora ubaoni.

Cheti nilichopewa kilikuwa na muhuri mkubwa wa rangi ya dhahabu. Nilipokipeleka kwenye kampuni iliyokuwa ikitafuta mafundi wasaidizi, ofisa aliyenipokea aliuliza namba ya usajili wa chuo, akakigeuza cheti mbele na nyuma, akanirudishia kwa upole. Chuo hakikuwa kimesajiliwa popote. Nilirudi nyumbani kwa daladala nikiwa nimejifunika uso kwa mtandio ili abiria wenzangu wasinione ninavyolia, kwa sababu fedha ile haikuwa yangu peke yangu.

Kwa hiyo, kabla hujatoa shilingi, uliza kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na uthibitishe jibu hilo kwa baraza lenyewe badala ya kuridhika na karatasi iliyobandikwa ukutani kwa mkuu wa chuo. Uliza pia kama mafunzo yanakupeleka kwenye tuzo ya NVA, yaani tuzo ya taifa ya ufundi stadi, na katika ngazi ipi, maana tuzo hiyo ina ngazi tatu na waajiri wanazifahamu. Kisha omba kuonyeshwa karakana siku ya masomo, wanafunzi wakiwa kazini. Tafuta kwa macho yako ukuta uliotobolewa mara nyingi, ngazi iliyochakaa, bunda la kebo lililokwisha nusu, paneli ya alamu, yaani kisanduku kinachoendesha mfumo, ikiwa wazi, na mita mikononi mwa wanafunzi. Karakana safi isiyo na vumbi la saruji inapaswa kukutia shaka.

Ada kubwa nayo haikuhakikishii ubora. Katika vyuo vya VETA ada ya kozi ndefu kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, kiasi ambacho ni sehemu ndogo ya nilichokilipa kwa cheti kisichonisaidia. Hata hivyo ada isikufanye usahau mengine: overoli, viatu vigumu, tesa, pulaya, bisibisi za aina mbalimbali, nauli ya kila siku na chakula cha mchana vilinigharimu zaidi ya ada mara kadhaa. Na kwa yule ambaye amekwisha kuijua kazi mitaani kwa fundi, upo utaratibu wa VETA wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo unapimwa kwa vitendo, unaelekezwa mapungufu yako na kupewa cheti. Nawafahamu mafundi wazuri ambao wamekaa miaka mingi wakidharauliwa kwenye zabuni kwa kukosa karatasi hiyo tu.

Nilianza upya, na safari hii nilianza na umeme wa majumbani. Ndugu zangu hawakuelewa. Waliona nimeacha kamera na kurudi kwenye taa na soketi. Lakini mfumo wa ulinzi ni umeme kwanza, na asiyeweza kuufuatilia umeme kwa mita atabadilisha kamera nzima na kuiacha ile yenye kasoro. Nilisoma mchana na kulinda usiku. Uchovu ule sitauficha: nililala kwenye kiti cha daladala, nililala darasani, na kulikuwa na wiki ambazo mwanangu alinifahamu kwa sauti ya simu kuliko kwa sura. Anayepanga kusoma na kufanya kazi ya zamu kwa wakati mmoja na azungumze mapema na msimamizi wake ili apewe zamu zinazoeleweka, kwa sababu zamu zinazobadilikabadilika ndizo zilizowaondoa wenzangu wawili darasani.

Somo lililonifungua akili lilifanyika juu ya meza moja. Mwalimu alileta bunda la kebo ya mtandao lenye urefu wa mita 50, adapta ya volti 12 na kamera ya kawaida yenye taa za infraredi za kuonea gizani. Aliunganisha adapta upande mmoja na kamera upande wa pili kwa jozi moja ya nyaya, akanipa mita.

"Soma hapo kwenye kamera," aliniambia.

"Kumi nukta sita, mwalimu."

"Sasa ziba jicho la kamera kwa kiganja."

Nilipoziba, kamera ilidhani usiku umeingia, taa zake zikawaka kwa wekundu hafifu, na namba kwenye mita ikashuka mpaka nane nukta nne. Kamera ikazima, ikawaka, ikazima tena.

"Mteja atakupigia kila usiku kwamba kamera ni mbovu," mwalimu alisema, "na wewe utakwenda mchana uikute nzima."

Kisha tulipiga hesabu. Jozi moja ya kebo ile, kwenda na kurudi, ilikuwa na ukinzani wa karibu omu 9. Mchana kamera ilivuta mkondo mdogo na volti moja na ushee tu ikapotea njiani. Usiku taa zilipowaka mkondo ulifika karibu ampea 0.4, na volti 3.6, yaani 0.4 mara 9, zikaishia kwenye waya. Sheria ya Ohm niliyoikariri sekondari bila kuielewa ilikuwa mbele yangu ikizima na kuwasha kamera. Tiba zake tulizijaribu moja baada ya nyingine pale pale mezani: kuunganisha jozi tatu pamoja ili zibebe umeme, kusogeza adapta karibu na kamera, kutumia waya mnene, na mwisho kutumia kamera za mtandao zinazopewa umeme kwa kebo ile ile ya data, utaratibu ambao mafundi huuita PoE. Huo husafiri kwa takriban volti 48, kwa hiyo mkondo ni mdogo, na kwa kebo na kamera kama zile kinachopotea njiani hakifiki volti mbili. Swichi ya mtandao, yaani kifaa kinachozigawia kamera data na umeme, ikiwa ya kiwango cha kawaida hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, na kebo isizidi mita 100 kutoka kwenye swichi hadi kwenye kamera.

Hesabu ile ni ya kebo ya shaba tupu. Kariakoo utauziwa pia kebo ya alumini iliyopakwa shaba juu, ambayo kwa sura haina tofauti na ukinzani wake ni mkubwa zaidi kwa zaidi ya nusu. Kata kipande, kwangua waya mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, umeshajua. Ukiupinda mara chache unakatika, ilhali shaba huvumilia. Mimi humwonyesha mteja waya uliokwanguliwa kabla hatujalipa, na humwomba adai risiti ya EFD, kwa sababu bila risiti udhamini wa kifaa ni maneno ya mdomo.

Mafunzo kwa vitendo nilipelekwa kwa fundi mmoja mtu mzima aliyekuwa akifunga mifumo kwenye maduka na nyumba. Nilimwita mzee naye aliniita binti, na alikuwa mkali kwa mambo mawili: ngazi na erthi, yaani waya na fimbo zinazouunganisha mfumo na ardhi. Ngazi hakuruhusu ipandwe bila mtu wa kuishika, hata kama ni kwa kufunga skrubu moja. Ndani ya dari zenye bati juu alitupangia kazi alfajiri, kwa sababu kufikia saa sita mchana joto la humo linaweza kumwangusha mtu. Kuhusu erthi, nilimwona akikataa kuwasha fensi ya umeme ya nyumba moja upande wa Kigamboni, ingawa mteja alikuwa amesimama akisubiri, kwa sababu udongo wa mchanga ulikuwa mkavu na fimbo za erthi zilizochimbiwa hazikutosha. Fensi hutoa mapigo ya maelfu ya volti, pigo moja kwa takriban sekunde moja, kila pigo likiwa fupi mno, na ni ufupi huo pamoja na kikomo cha nishati kilichowekwa na viwango vya kimataifa vinavyoifanya ishtue bila kuua. Bila erthi nzuri mgusaji anaweza asisikie kitu, na mwenye nyumba analala akiamini ana fensi. Alinifundisha pia kwamba mapigo hayo hupimwa kwa mita yake maalumu, maana mita ya kawaida inaweza kuharibika papo hapo, na kwamba vibao vya tahadhari hufungwa kabla ya kuwasha.

Kuwa mwanamke katika kazi hii kuna uzito wake na sitaupita kimya. Wateja walimsalimia msaidizi wangu wa kiume na kumuuliza yeye maswali, nami nikiwa nimeshika mchoro. Kijana yule, kwa heshima zake, aliwajibu kila mara, "Muulizeni dada, ndiye fundi." Upande wa pili, kina mama wengi wanaoishi peke yao hunitafuta mimi kwa sababu hawataki fundi wa kiume asiyefahamika aingie chumbani kupitisha waya, na sehemu kubwa ya kazi zangu za sasa imetoka kwao.

Baada ya mafunzo sikupata nafasi ya ufundi. Nilichopata ni kazi ya zamu katika chumba cha uangalizi cha kampuni moja ya ulinzi, nikakichukua kwa shingo upande. Leo nasema kwamba chumba kile kilinifundisha ufungaji kuliko karakana.

Kwanza nilijifunza alamu za uongo zinakotoka. Paneli inapotuma taarifa, mwangalizi anaona namba ya mteja, eneo lililoguswa na saa. Anampigia mteja, anamwuliza neno la siri, na asipopata jibu sahihi anatuma gari la doria. Sensa ya mwendo huhisi joto linalokatiza mbele yake, na huhisi vizuri zaidi mtu anayepita kutoka kushoto kwenda kulia kuliko anayeijia moja kwa moja. Fundi anayeielekeza dirishani, ambako jua la jioni linaingia na pazia linapeperuka, anamtuma mtu na gari saa za hatari bila sababu. Nyumba moja ilitutumia alamu karibu kila jioni mpaka vijana wa doria wakaanza kuchelewa kwa makusudi, na uchelewaji ule ndio nilioogopa, kwa kuwa siku mwizi atakapoingia kweli hakuna atakayekimbia. Kasoro ilikuwa sensa iliyopaswa kugeuzwa tu ielekee ukuta mwingine.

Nilijifunza kuhusu betri pia. Umeme wa TANESCO ukikatika eneo zima, skrini yetu ilijaa taarifa za kukatika, na baada ya muda mfupi zikafuata taarifa za betri dhaifu kutoka kwa wateja wale wale kila mara. Betri ya kawaida ya paneli ni ya volti 12 na ampea-saa 7. Kama mfumo unavuta nusu ampea, kwenye karatasi inapaswa kudumu saa 14. Betri iliyozeeka ndani ya boksi la chuma lenye joto haifiki hata mbili. Wateja wengi hawajui kwamba betri ipo.

Na nilijifunza picha ipi inafaa. Skrini moja ikigawanywa vipande 16, uso wa mtu ni mdogo kuliko ukucha, na jicho huchoka haraka kuliko mtu anavyodhani. Baada ya saa ya nane usiku nilikuwa natazama bila kuona, na nilitafuta nafuu kwa kusimama, kuandika kila tukio kwenye kitabu na kubadilishana skrini na mwenzangu. Kamera zilizofungwa juu sana zilituonyesha kofia. Kamera zilizoelekea getini zilipofushwa na taa za magari. Zile zenye taa za infraredi zilivuta wadudu, wadudu wakavuta buibui, na utando mmoja mbele ya jicho la kamera uling'aa na kuifanya picha nzima kuwa nyeupe. Fundi aliyefunga mchana akaondoka hakuwahi kuliona hilo. Tangu wakati ule sikubali kukadiria kazi bila kuifika nyumba usiku.

Kuna hesabu ambayo kila mwanafunzi angefundishwa mwezi wa kwanza. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kilitaka pikseli 250, yaani nukta zinazounda picha, kwa kila mita ya upana wa eneo ili mtu usiyemfahamu aweze kutambuliwa, na pikseli 125 ili uweze kusema kwamba huyu ni yule niliyewahi kumwona. Kamera yenye pikseli 1,920 kwa upana, ukiigawa kwa 250, inatambua sura katika eneo lisilozidi mita 7.7. Ukiifunga ili ionyeshe uwanja wote wa mita 30, utajua tu kwamba mtu alipita. Kwa hiyo huwaambia wateja wachague: kamera moja ya kuona uwanja, na nyingine nyembamba iliyokazwa mlangoni kwenye kimo cha uso.

Hesabu ya pili ni ya diski, nayo niliijua kwa uchungu. Duka moja liliibiwa, na mwenye duka aliligundua hilo baada ya wiki moja na siku kadhaa alipohesabu mali. Alikwenda polisi, akapewa RB, akaja kwetu na askari kuomba picha, na picha zilikuwa zimekwisha kufutwa na nyingine mpya. Mama yule alikaa kwenye kiti cha wageni akirudia kuuliza, "Sasa hizi kamera nilizinunua za nini?" Kamera inayorekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde hula gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nane ni kama gigabaiti 346. Diski ya terabaiti 2 aliyouziwa haikufikisha hata siku sita, na kwa siku 30 alihitaji zaidi ya terabaiti 10, au mfumo mpya wa kubana picha unaoweza kupunguza hitaji hilo kwa karibu nusu, pamoja na kurekodi pale tu panapokuwa na mwendo. Aliyemfungia hakumweleza lolote kati ya hayo.

Saa ya kinasa nayo ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu taarifa za kielektroniki kupokelewa mahakamani, lakini uzito wake unategemea jinsi zilivyotunzwa na zinavyoaminika, na kinasa kinachosema saa tisa alasiri wakati tukio lilikuwa usiku kinampa wakili wa upande wa pili pa kushikia. Nilipokuwa zamu nilikagua saa za vinasa vyote kila Jumatatu, jambo ambalo hakuna aliyenituma.

Kuhusu siri za watu, mwenzetu mmoja alirekodi kwa simu yake picha ya dada wa kazi wa mteja akianguka kwenye ngazi, akaituma kwenye kundi la WhatsApp. Alifukuzwa, na ilikuwa haki. Tangu tarehe 1 Mei 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, iliyotungwa mwaka 2022, na sura ya mtu kwenye kamera ni taarifa yake. Kamera isitazame uani kwa jirani wala chumbani kwa mfanyakazi; wekeni kibao kinachosema kamera zipo; na mjue kwa majina wenye ruhusa ya kutoa picha. Mwangalizi anaona watu wakiwa wamechoka, wakigombana, wakiomba dua, na kazi yake ni kuyaacha hayo chumbani.

Niliporudi kwenye ufungaji nilikuwa fundi mwingine kabisa. Vifaa vyangu mwenyewe, yaani drili ya kutoboa zege, ngazi, koleo ya kubania vichwa vya kebo, kipima kebo na mita nzuri, vilinifikisha karibu shilingi 900,000, nami nilinunua kimoja kimoja kutokana na kila kazi. Usikope kununua vyote kwa pamoja. Mita nzuri na kipima kebo vije kwanza. Drili inaweza kukodiwa. Kwa upande wa umeme wa volti 230, kazi hiyo inadai leseni ya ufungaji umeme kutoka EWURA, na kabla hujaipata fanya kazi chini ya mwenye nayo. Andika makadirio kwa maandishi, tenganisha bei ya vifaa na ya ufundi, na usianze kabla ya kupokea fedha ya vifaa. Nimewahi kukaa miezi nikidai fedha ya ufundi kwa mteja niliyemwamini kwa sababu ya cheo chake, huku ada ya shule ya mwanangu ikisubiri.

Kazi ya milango inayofunguka kwa kadi usiiguse mpaka uulize moto ukitokea watu watatokaje. Kufuli la sumaku huachia umeme ukikatika, na baadhi ya makufuli ya aina nyingine hubaki yamefungwa. Kwenye njia ya kutokea watu lazima liwe linaloachia, liwe na kitufe cha dharura ndani, na liunganishwe na alamu ya moto kama ipo. Nimeombwa na mwenye ghala kuondoa kitufe hicho ili wafanyakazi wasitoke ovyo. Nilikataa na kazi nikaikosa, na ningekataa tena leo.

Jifunze pia mtandao wa kompyuta, angalau kwa kiwango cha kupanga anwani za kamera na kusanidi ruta. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na vinasa vingi duniani kwa kujaribu tu nywila zilizotoka kiwandani, na mwezi Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vikatumiwa kuangusha tovuti kubwa. Bado nakuta mifumo mipya Dar es Salaam yenye nywila ile ile iliyochapishwa kwenye boksi, na fundi aliyeifunga akiwa bado anaifungua kutoka kwenye simu yake.

Siku ya makabidhiano hutenga nusu siku, na bei yake huwa nimeshaiweka kwenye makadirio. Nazima swichi kuu mteja akiwa amesimama hapo, na tunakaa kwa betri huku tukipita mbele ya kila sensa, mimi nikiwa kwenye simu na mwangalizi anayenisomea jina la kila eneo linaloingia kwake. Eneo likiingia kwa jina la jiko wakati tumesimama sebuleni, tunasahihisha kabla ya kuendelea. Mteja anaingiza nywila yake mwenyewe nikiwa nimegeuka, anatoa mwenyewe kipande cha picha kwenda kwenye flashi, na ninamwachia mchoro wa njia za nyaya pamoja na maelezo ya siku ngapi diski yake itahifadhi. Kwenye betri naandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na namwambia mwezi na mwaka ambao atanipigia simu tuibadilishe.